Mchezo na Kamari Visipimwe kwa Kipimo Kimoja

Jioni ikiingia katika miji ya Ukambani kama Wote, Emali au Mwingi, vibanda vya PlayStation hujaa vijana. Wanalipa shilingi chache kwa mechi. Mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake. Wazazi wengi wakipita hapo huona kizazi kinachopotea. Wanahukumu mapema mno.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya kufuatilia karibu wachezaji 39,000 wa michezo 7 ya video. Hawakupata ushahidi wa maana kwamba wingi wa saa za kucheza huharibu hali ya mtu. Kilichowatofautisha wachezaji ni sababu ya kucheza: waliocheza kwa kupenda walikuwa na nafuu, na waliojihisi kushurutika walikuwa na hali mbaya zaidi.

Uraibu wa michezo ya video upo. Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya kila kitu, na kuendelea hata mambo yakiharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kijana anayecheza mechi mbili kisha akaenda zake hayumo humo.

Ukambani, msongo wa mawazo una vyanzo vingine vingi. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, anaweza kurudi nyumbani bila kazi, akakuta ndengu zimekauka kwa kukosa mvua za Novemba. Saa moja ya kucheka na wenzake inampumzisha.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu yake. Aviator inaonekana kama mchezo: ndege inapaa, dau linakua, na asiyetoa pesa mapema hupoteza zote. Hiyo ni kamari, na anayeicheza kwa karo au kwa pesa za kukopa anajiongezea msongo aliotaka kuukimbia.

Serikali za kaunti haziwezi kusema suala hili halizihusu. Katiba ya 2010 imeziachia majukumu kuhusu burudani za umma na kamari, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamezipa wajibu wa huduma hizo. Makueni haianzi na mikono mitupu: taasisi ya afya ya akili ya Profesa David Ndetei ilikwisha kufundisha wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na hata waganga wa kienyeji wa kaunti hiyo kutambua sonona.

Wahudumu hao wapewe kazi ya kuwauliza vijana wanacheza nini, kwa pesa za nani, na kama wanaweza kuacha. Kitui nayo ianzishe mafunzo kama hayo, ikianzia na vyuo vyake, na kaunti zote mbili zikague vibanda vinavyochanganya PlayStation na kamari kabla ya kuvipa leseni upya.