Steringi Asiye na Kitovu

Nimechoka. Jana usiku wa manane nimemaliza riwaya ya fantasia yenye kurasa mia nne na ushei, na sikushtuka hata mara moja. Wewe nawe umeisoma, au umesoma pacha wake. Usinikatalie.

Ukurasa wa kumi, kijana yatima anaokota pete. Wa ishirini, anaua joka. Wa thelathini linakuja joka la pili, kubwa kuliko la kwanza. Analimaliza kwa mkono wa kushoto. Halafu? Majoka. Tunaambiwa ufalme mzima uko hatarini, lakini hakuna aliyefiwa, hakuna aliyelala njaa, hata kanzu ya bwana mkubwa haikuchanika!

Steringi hafi, tulikuwa tukisema vibandani mwa video. Sawa, asife. Hata kidole kisimuume?

Usiniambie hadithi za ajabu ndivyo zilivyo. Frodo wa Tolkien, mwaka 1955, alifika ukingoni mwa moto akashindwa kuitupa pete. Alirudi kwao kapungukiwa kidole.

Na sisi je? Tumemsahau Fumo Liyongo? Jitu lile, bingwa wa upinde, alipotiwa gerezani hakubomoa ukuta kwa kucha. Mama yake alioka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani. Kijakazi Saada akaupeleka. Walinzi wakala vinono, wakamwachia wishwa wake. Nje watu wanacheza gungu, ndani yeye anakereza minyororo, kelele za ngoma zikiifunika sauti ya tupa. Hapo ndipo unaposahau hata chai yako!

Kisha sindano ya shaba, kitovuni, pale pekee alipoweza kuuawa. Na aliyeishika ni mwanawe wa kumzaa. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913, na bado unauma.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Waandishi wetu wamewachelea mashujaa wao, sasa tunalia sisi. Pesa imekwenda, lakini hilo dogo. Kubwa ni yule mtoto wa darasa la sita anayefundishwa kwamba nguvu huokotwa, hazitafutwi. Kwamba jasiri ni mwenye uwezo kuliko wote, wala si yule anayetetemeka na bado anakwenda. Siku akifeli mtihani hatashika daftari. Atatafuta pete.

Na wewe umelala! Umenunua sehemu ya kwanza, ukapiga miayo. Ukanunua ya pili, ukapiga miayo. Sasa unaulizia ya tatu, unasifia jalada. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki anayekitembeza ni wewe.

Amka. Ukishika riwaya mpya dukani, usiulize steringi ana nguvu kiasi gani. Uliza kitovu chake kiko wapi, na sindano anayo nani. Ukikosa jibu, irudishe rafuni.