Mcheza kwao hutunzwa

Mwananchi wa Rusumo, wilayani Ngara, akivuka daraja la Mto Kagera na kufuata barabara hadi Nyakarambi, nchini Rwanda, atawakuta akina mama wa ushirika wakitengeneza imigongo, yaani picha za samadi ya ng'ombe zilizotiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Majirani hao wanaitunza sanaa yao, na mgeni huonyeshwa bila kuzungushwa.

Je, mwananchi huyo akipanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,200, ili akaone kazi ya mchoraji mashuhuri wa nchi yake mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, ataipata kwa wepesi huo?

Picha zenye jina hilo atazikuta tele, madukani na katika ushirika wa wachoraji huko Oysterbay: chui, tembo, ndege wa kila rangi. Lakini hizo ni kazi za wafuasi wake, na za wanafunzi wa wafuasi hao. Ni kazi halali, na zinalisha familia nyingi. Kilicho adimu ni kazi ya mkono wa Tingatinga mwenyewe.

Sababu yake inajulikana. Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa, zile zipakwazo baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni waliokaa Dar es Salaam. Mikataba yao ilipokwisha walifunga mizigo, na picha zikaondoka nao.

Mgeni aliyenunua kwa haki kitu kilichowekwa chini ya mbuyu kiuzwe hana kosa. Kosa ni la mazoea ya kusubiri wengine wakithamini chetu ndipo nasi tukione kuwa ni mali. Tena hasara haiishii hapo. Zimezuka picha za kughushi zenye sahihi ya marehemu, na pasipo kazi za hakika zilizowekwa hadharani, mwananchi hana kipimo cha kutambua ya kweli na ya uongo.

Wapo watakaosema kwamba shule na zahanati zitangulie. Hoja hiyo ni ya haki, lakini yanayotakiwa kwanza hayahitaji mamilioni. Lahitajika daftari la taifa linaloonyesha kila picha ya hakika ya Tingatinga iko wapi na kwa nani. Lahitajika tangazo la wazi katika majumba ya makumbusho, mgeni aambiwe ni kipi cha mwalimu na ni kipi cha wanafunzi. Zikipatikana nakala bora, zisafirishwe mikoani, ziwafikie watoto wa Ngara na Biharamulo ambao nauli ya Dar es Salaam hawana. Ununuzi wa picha zilizo ng'ambo ufuate baadaye, kadiri ya uwezo.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tingatinga alicheza kwao, akafa bila kutunzwa. Deni hilo bado halijalipwa, na mtoto wa Rusumo ni miongoni mwa wanaodai.