Binti Akichagua Fasihi

Kuanzia Kikima, katika vilima vya Mbooni, hadi mwambao, binti akichagua fasihi chuoni wazazi huuliza: atakula nini?

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alisomesha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, hadi kustaafu mwaka 2017. Mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Riwaya yake ya mwaka 1994 ikafasiriwa na Bi. Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS, London, ikatoka mwaka 2022 kwa jina Peponi. Habari za pwani zikarejea kwa Kiswahili, kwa elimu ya mwanamke.

Wote wawili wamekula jasho la fasihi. Basi mlipieni binti karo kwa moyo mkunjufu, na mumuusie asiwasahau watu wake aandikapo.