Sindano Nayo Ni Sunna



Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumsalia Mtume Wake (s.a.w.), wiki hii twaelekeza kalamu kwenye jambo ambalo huenda likaonekana dogo: nembo ya skuli na kiraka cha sare.

Kila Januari, skuli zinapofunguliwa, mafundi cherehani wa Kibokoni na Kuze huelemewa, na kazi iliyosalia hurudi nyumbani. Mama mmoja wa mtaani petu ana watoto watatu, kila mmoja na mashati mawili. Usiku wa kuamkia kufunguliwa skuli alikaa na nembo sita na sindano moja, baba watoto yuko barazani na kahawa yake. Alimaliza karibu na adhana ya alfajiri. Kulipokucha, mwana wa kati akalalama: nembo imeshonwa pamoja na mfuko, kalamu haiingii!

Twawauliza wanaume wenzetu: je, kazi hii ni ya mama peke yake? Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Ameipokea Bukhari. Na katika mapokezi ya Imamu Ahmad imetajwa kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Sunna ya ndevu na kanzu twaikumbuka. Ya sindano twaisahau. Hali ya kuwa katika pwani yetu hii wanaume ndio waliokuwa wakitia darizi kanzu kwa mikono yao!

Wala kiraka si aibu. Anas bin Malik (r.a.) alimwona Sayyidna Umar (r.a.), naye ni Amiri wa Waumini, nguo yake ina viraka vitatu mabegani, kimoja juu ya kingine. Imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Basi mzazi asiingie deni la sare mpya ilhali ya zamani yazibika. Na mtoto anayemcheka mwenziwe kwa kiraka, mzazi wake ndiye wa kumfunza adabu.

Kwa atakayeketi kushona: tia kipande cha kadi ndani ya mfuko ili sindano isipenye upande wa pili. Ipige nembo bandi kwanza, mpe mtoto avae uone kama imekaa sawa, kisha zungusha mishono midogo ukingoni na ufunge uzi kwa ndani. Mtoto akivuka darasa, ifumue taratibu imfae mdogo wake. Na mvulana naye apewe sindano ajifunze.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri mama zetu kwa kila mshono, na atujaalie sisi wanaume kuwa wepesi wa kusaidia majumbani mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.