Sindano za Vitamini Kabla ya Harusi: Tuache Kudanganyana



Leo nasema na mabibi harusi watarajiwa, mama zao na masomo zao. Siku hizi singo, liwa na hina vinaonekana havitoshi. Anaitwa mtu na mkoba wake, anamchoma mwari "vitamini" za kung'arisha ngozi, na maneno ni yale yale: "Ni vitamini tu, mwenzako kachomwa juzi na hana neno."

Juzi haithibitishi kitu! Wapo wanaovimba papo hapo, lakini upo pia mzio wa kuchelewa. Madaktari wanaujua kwa sindano ya vitamini K: siku kadhaa hadi wiki mbili baadaye, pale pale palipochomwa hutoka baka jekundu, gumu, linalowasha. Kwa wengine hudumu wiki nyingi, na wachache hubakiwa na ngozi ngumu kama kovu. Vitamini B12 nayo ina kobalti ndani yake. Mwenye mzio wa kobalti anaweza kutokwa na vipele.

Mbona piko tunaijua? Unapakwa leo, mikono inapendeza, siku ya pili au ya tatu malengelenge. Mwili kwanza huizoea dawa kama adui, ukikutana nayo tena ndipo unapigana. Kwa hiyo sindano ya kwanza inaweza kupita salama, ya pili ikaleta balaa. Sasa piga hesabu: umechomwa wiki moja kabla, baka linatoka ukiwa fungateni, na mchomaji hapokei simu.

Sisemi vitamini ni sumu. Aliyepimwa hospitali akaonekana na upungufu, achomwe na amshukuru Mungu kwa tiba. Lakini ajue jina la dawa, na aseme kama amewahi kupata mzio. Za kung'arisha ni jambo jingine: mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa haijaidhinisha hata moja.

Kama umeshachomwa na panawasha, usikune, usipake krimu ya mtaani, usirudie sindano. Muone daktari wa ngozi na umtajie ulichochomwa, hata kama ni mwezi uliopita.

Mwili ni amana, dada yangu. Na huyo anayekuja kukuoa, alikuposa kwa rangi hiyo hiyo uliyonayo.