Usikae Kwenye Kigari Umekunja Mikono

Siku hizi kila nikikaa na mashoga zangu, wimbo ni ule ule: "Wikiendi simwoni, ni mpira tu." Mwingine mumewe na gari, mwingine na kamera. Wanaume nao wanalia na vikoba na vikao vya kichenpati. Sasa, kitu anachokipenda mwenzako ambacho wewe hakikuhusu hata chembe, ukifanyeje?

Leo nawapeleka mbali kidogo, kwenye kilima cha Shelsley Walsh, Worcestershire, Uingereza. Nilipokuwa nasoma Birmingham, mchumba wangu, ambaye sasa ni baba watoto, alikuwa na ugonjwa mmoja: pikipiki kongwe. Norton, Velocette, Vincent, vyuma vilivyotengenezwa kabla babu zetu hawajaoa. Basi Jumamosi nabebwa kwenda kutazama zikipandishwa kilima.

Mashindano yenyewe si magumu kuyaelewa. Barabara ni nyembamba, inapanda yadi 1,000 tu, kama mita 914, na watu wanashindana hapo tangu mwaka 1905. Hakuna kubanana. Anapanda mmoja mmoja, mpinzani wake ni saa. Nyuma ya tairi inawekwa kabari ili chombo kisirudi nyuma. Taa ya kijani ikiwaka bado hakuna haraka: saa inaanza kuhesabu pale mwendeshaji anapoondoka mwenyewe. Ukelele wa injini, kona mbili kali zinazofuatana, halafu kimya. Hata dakika haiishi.

Na ile harufu! Injini nyingi za mbio za zamani hutiwa mafuta ya nyonyo, ndugu wa yale ambayo bibi zetu walitunywesha tumbo likigoma. Yakiungua kwenye injini yananukia utamu fulani hivi, hata wiki ikipita unaukuta kwenye sweta.

Lakini macho yangu yalikuwa kwa wale wa matairi matatu, pikipiki zenye kigari cha ubavuni. Mle ndani kuna abiria, tena abiria mwenye kazi. Hana usukani, hana breki. Kona ikija upande wa kigari anajitupa nje mpaka bega linakaribia lami; ikija upande wa pili anaruka kumlalia mwendeshaji mgongoni. Akichelewa kidogo tu, tairi linanyanyuka na wote wawili wako hatarini.

Siku moja walipanda mzee na mkewe, nywele zote nyeupe, mama ndiye abiria. Juu wanasubiri kundi zima limalize, ndipo wote wanashuka polepole. Spika ikatangaza muda wao: mbaya kuliko wa asubuhi. Waliposhuka, mzee hakuuliza muda. Aliinama kwanza kutazama goti la mkewe.

Msomaji wangu, wakati huo mimi na mwenzangu tulikuwa na wiki tatu za kununiana. Mimi nimepata kazi Dar, yeye anataka abaki Uingereza amalize mambo yake. Kila mtu anamwona mwenziwe mbinafsi. Tukiwa kwenye basi jioni ile nikamuuliza, "Hivi kwenye kilima chako mimi nina kazi gani?" Akanyamaza vituo viwili vizima. Kisha akasema, "Na mimi kwenye chako?" Tukaongea mpaka Birmingham. Hatukupata jibu la kufurahisha. Mimi nilirudi nyumbani, yeye akabaki, na miezi 14 ya kadi za simu ikafuata. Ila kununiana kuliishia kwenye basi lile, maana kila mmoja alijua kazi yake.

Ndiyo maana nawaambia mashoga zangu, si lazima uupende mpira. Unaweza kuwa wa kubebea chupa ya chai, ukasimama pembeni ukashangilia. Unaweza kuingia kwenye kigari ukainama naye kila kona. Hata kusema "hiki sikiwezi, nenda na rafiki zako, nitakusubiri" ni kazi, ukiisema bila kisirani. Kinachoua nyumba ni kupanda kigarini halafu ukakunja mikono na kununa. Uzito wako upo, msaada wako haupo.

Na wewe unayeshika usukani, usijisahau. Umemwuliza mwenzako anachokipenda lini mara ya mwisho? Goti lake umelitazama? Wikiendi nne za mwezi zikiwa zote zako, hapo hakuna abiria, kuna mzigo unaoburuzwa, na mzigo siku moja hufungua kamba ukajishukia.

Wikiendi hii muulize mwenzako lile swali la kwenye basi. Usimjibie, msubiri, hata kama ni vituo viwili. Tukutane mwezi ujao!