Pumzi Huazimika, Miguu Haiazimiki

Tarehe 15 Septemba 2025, katika marathoni ya mashindano ya dunia, Alphonce Simbu aliingia katika uwanja wa Tokyo akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Alimfukuza hadi mita za mwisho na kumpiku kwenye utepe wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia moja za sekunde. Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha.

Jioni ile kijiweni furaha ilikuwa kubwa. Kisha ndugu mmoja, shabiki wa mpira wa kufa na kupona, akasema: "Simbu kafanya kazi, sikatai. Lakini jamani, kukimbia ni pumzi tu. Chukua kiungo yeyote wa Ulaya anayekimbia dakika tisini bila kuchoka, au hawa waendesha baiskeli wa Tour de France, mpe miezi sita ya mazoezi, halafu uone." Wengi wakaitikia. Nimeisikia kauli hiyo kwa miaka mingi, barabarani, redioni, hata kwa walimu wa michezo. Naipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu inatugharimu.

Nianze kwa kuitendea haki. Moyo wa binadamu ni mmoja, na mapafu ni yaleyale. Mtu aliyeuzoeza moyo wake kusukuma damu kwa saa tano mfululizo akipanda milima kwa baiskeli ataondoka nao hata akishuka kwenye baiskeli na kuvaa raba. Pumzi iliyojengwa katika mchezo mmoja humfuata mwenyewe aendako. Kosa la kauli ile limejificha katika neno "tu".

Waendesha baiskeli wa masafa marefu wamo miongoni mwa wanamichezo wenye pumzi kubwa kuliko wote duniani, kwa hiyo wao ndio kipimo kizuri. Mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya kustaafu, Lance Armstrong alikimbia marathoni ya New York. Wakati huo alihesabiwa mataji 7 ya Tour de France, ambayo alinyang'anywa yote mwaka 2012 kwa kutumia dawa za kuongeza nguvu. Alimaliza kwa saa 2:59:36, na baada ya kufika alikiri kwamba mwili wake haujawahi kupata shurba kama ile. Mwaka 2007 alirudi akiwa amejiandaa vizuri zaidi, akapata 2:46:43.

Kwa mtu wa kawaida huo ni muda wa kujivunia. Lakini siku hiyohiyo Martin Lel wa Kenya alishinda kwa 2:09:04. Ukipiga hesabu kwa mwendo wa wastani wa Armstrong, wakati Lel anakata utepe yeye alikuwa bado na zaidi ya kilomita 9 za kwenda. Upande wa wanawake mshindi alikuwa Paula Radcliffe wa Uingereza, kwa 2:23:09. Radcliffe alikuwa amejifungua mtoto mwezi Januari mwaka huohuo, na bado muda wake ulikuwa bora kuliko wa Armstrong kwa zaidi ya dakika 23.

Armstrong hakuwa peke yake. Adam Yates wa Uingereza, akiwa bado anaendesha baiskeli kwa malipo, alikimbia marathoni ya Barcelona mwaka 2021 na kumaliza chini kidogo tu ya saa 3. Mwenye muda bora kati ya majina makubwa ninayoyafahamu ni Mholanzi Tom Dumoulin, bingwa wa Giro d'Italia wa mwaka 2017. Baada ya kuachana na baiskeli alikimbia Amsterdam mwaka 2023 kwa saa 2 na dakika 29. Ni muda wa kuheshimika kweli. Hata hivyo, uweke kando ya ule wa Simbu wa Tokyo, na kati yao unapata dakika kama 20.

Hizo dakika 20 zinatoka wapi, ikiwa pumzi ipo? Zinatoka miguuni.

Juu ya baiskeli, kiti ndicho kinachobeba mwili. Msuli wa paja unasukuma pedali na kuachia, unasukuma na kuachia, wala hakuna kishindo. Mkimbiaji hana kiti. Kila anapotua, mguu mmoja unapokea nguvu mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na msuli wa paja unalazimika kufanya kazi huku unavutwa, kama mtu anayeshusha gunia zito polepole ili lisianguke. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za msuli kidogo kidogo. Katika marathoni mtu wa kawaida huirudia hatua 30,000 na zaidi. Ndiyo maana mwendesha baiskeli anaweza kufika kilomita ya 35 akihema vizuri kabisa, lakini mapaja yamekuwa mawe. Hewa anayo, ila pa kuitumia hapana.

Kuna jambo la pili, nalo halionekani kwa macho. Kano ya kisigino cha mkimbiaji aliyekomaa hufanya kazi kama springi: hubana nguvu ya kutua na kuirudisha wakati wa kunyanyuka, bila kumgharimu pumzi. Watu wawili wenye mapafu sawa wanaweza kukimbia kasi ileile huku mmoja akitumia hewa kidogo sana kuliko mwenzake. Ubanifu huo hujengwa kwa maelfu ya kilomita, mwaka hadi mwaka. Moyo huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huenda kwa mwendo wao wa taratibu, na anayeiharakisha huvunjika.

Sasa twende kwenye mpira, maana hapo ndipo mapenzi yetu yanapotufumba macho. Mchezaji wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi nzima. Kwa mwendo aliotumia Tokyo, Simbu angemaliza kilomita zaidi ya 29 katika dakika hizohizo 90. Simdharau mchezaji mpira. Yeye hufyatuka, hufunga breki, hugeuka, huruka, hugongana, kisha hutembea kidogo kabla ya kufyatuka tena. Mwili wake umetengenezwa kwa kazi hiyo, na Simbu akiingizwa uwanjani leo angechelewa kila mpira. Lakini mwili huohuo, wenye misuli ya kufyatukia, ni mzigo mzito katika kilomita 42.

Ushahidi tunao. Arjen Robben, winga aliyewasumbua mabeki wa Ulaya nzima, alikimbia marathoni ya Rotterdam mwaka 2022 kwa 3:13:57. Hakukata tamaa, aliendelea kujifua, na miaka miwili baadaye akashuka chini ya saa 3 palepale Rotterdam. Luis Enrique, aliyechezea Barcelona na Real Madrid, naye ilimbidi akimbie zaidi ya marathoni moja kabla ya kushuka chini ya saa 3. Katika tenisi, Caroline Wozniacki alifika fainali ya US Open mwezi Septemba 2014, na miezi miwili baadaye akakimbia New York kwa 3:26:33. Hawa ni watu wenye vipaji vikubwa, nidhamu na fedha za kulipa makocha. Kama pumzi ingetosha, wao wasingehitaji miaka kuufikia muda ambao wakimbiaji wengi wa ridhaa nao huufikia.

Mpinzani wangu makini atasema: mbona hukumtaja Alex Yee? Swali ni la haki. Yee, Mwingereza aliyeshinda dhahabu ya triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia) katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alikimbia marathoni ya London mwaka 2025 kwa 2:11:08, na baadaye akaushusha zaidi muda huo Valencia. Therese Johaug wa Norway, malkia wa kuteleza kwenye theluji, alitwaa ubingwa wa taifa lake wa mita 10,000 mwaka 2019 kwa 32:20. Je, hawa hawaivunji hoja yangu?

Wanaithibitisha. Mashindano ya Yee humalizikia kwa kukimbia, na mwaka 2018 alikuwa tayari amekimbia mita 10,000 uwanjani kwa dakika 27 na sekunde 51. Alikuwa mkimbiaji kabla hatujamjua. Watelezaji wa theluji nao hutumia kiangazi chao kukimbia milimani, na hata kwenye theluji husimama kwa miguu yao wenyewe. Wenye vitendo vya kukimbia ndani ya mchezo wao ndio wanaokaribia, na kadiri mchezo unavyojitenga na ardhi ndivyo pengo linavyopanuka.

Hata ukaribu huo una mipaka. Gwen Jorgensen wa Marekani, bingwa wa triathlon wa Olimpiki ya Rio 2016 na mkimbiaji tangu chuoni, aliacha mchezo wake akatangaza kwamba anautaka ubingwa wa Olimpiki wa marathoni. Hakujaribu kwa mchezo. Aliyatoa maisha yake yote. Mwaka 2018 alikimbia Chicago kwa 2:36:23, wakati Brigid Kosgei wa Kenya akishinda kwa 2:18:35. Mwaka uliofuata Jorgensen alifanyiwa upasuaji wa kisigino. Ndoto ile haikutimia, na hatimaye alirudi kwenye triathlon.

Igeuze hoja uione kwa upande wa pili. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, kwenda Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, kwa imani ileile ya kijiweni kwamba mwenye pumzi ataweza kila kitu. Miaka miwili baadaye alishiriki Olimpiki ya Nagano katika kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alimsubiri pale mwishoni ili amkumbatie. Bingwa yule alijua alichokuwa anakiheshimu: mtu aliyeanza upya katika ufundi ambao yeye mwenyewe aliujenga kwa miaka. Hakuna aliyesema siku hiyo kwamba kuteleza ni pumzi tu. Kwa nini basi tuseme hivyo kuhusu kukimbia?

Hapa ndipo gharama inapoonekana. Kauli ya "pumzi tu" ina pacha wake, "wamezaliwa hivyo". Zote mbili zinamnyang'anya mkimbiaji kazi yake. Kama kukimbia ni pumzi tu, kocha wa riadha ni wa nini? Kama ni kuzaliwa, kambi, lishe na tabibu wa misuli ni vya nini? Shuleni mtoto mwenye kasi huitwa wiki moja kabla ya mashindano, hukimbizwa peku kwenye kokoto, akiumia anaambiwa hana moyo. Hatungemfanyia hivyo mpiga ngoma au fundi seremala; hao tunajua walijifunza. Nawasihi walimu wa michezo: mlindeni mtoto huyo miguu yake, mwongezeeni kilomita kidogo kidogo, mpeni miaka. Nawe mchezaji wa Jumapili uliyejiandikisha kilomita 21 za Moshi kwa kutegemea pumzi ya uwanjani, jipe miezi ya kuizoeza miguu, kwa sababu pumzi yako itakudanganya kuwa uko tayari mapema mno.

Simbu alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na wa tatu katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Kutoka nishani ile ya shaba hadi dhahabu ya Tokyo ni miaka minane ya kuamka alfajiri na kutua, kunyanyuka, kutua tena. Petros naye alikuwa na pumzi. Asingefika pale akiwa mbele bila pumzi. Baada ya kilomita 42, sote tulipodhani hakuna kilichobaki, miguu ya Mtanzania yule ilikumbuka kazi iliyofanya miaka yote hiyo. Sehemu zile 3 za mia moja za sekunde alizilipia mwenyewe, tena kwa muda mrefu.